Printa ya picha ya mtumba, hedi imeziba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanamhusu mtu aliyenunua au anayetaka kununua printa ya picha iliyotumika, zile za wino za rangi sita, nane au zaidi, na anakuta picha zinatoka na mistari au rangi moja haipo kabisa. Niseme mapema kabisa ninachoamini: hedi nyingi (hedi ni kile kichwa cha printa kinachorusha wino kwenye karatasi) zinazotupwa hazikuwa zimekufa, zimeuliwa na haraka ya mwenye nayo, kwaiyo majibu mengi hapa yatakwambia usubiri, na kusubiri kwenyewe ndo dawa.

Picha zina mistari, je hedi imeziba?

Inawezekana ila usisafishe chochote bado. Printi kwanza nozeli cheki (nozeli ni vitundu vya hedi vinavyotoa wino), ile karatasi yenye vijistari vidogo vidogo vinavyoshuka ngazi ngazi kwa kila rangi, utaikuta kwenye menyu ya printa au kwenye programu yake ya kompyuta upande wa mentenensi. Tumia karatasi ya kawaida, ya picha usiiharibu. Ikitoka andika pembeni kwa kalamu tarehe, saa, na ulichofanya kabla yake, afu itunze. Mtu asiyetunza hizi karatasi anaishia kupiga klini, yaani ile amri ya printa kujisafisha hedi, usiku kucha bila kujua kama anasogea mbele au anarudi nyuma.

Kama nozeli cheki imetoka nzima, hakuna hata kipengo, na picha bado ina mistari, basi tatizo sio kuziba. Hapo angalia umechagua karatasi gani kwenye programu, kama umeweka ubora wa chini, na kama hedi imepangwa sawa, maana printa iliyosafirishwa mara nyingi inahitaji kupangwa upya. Rangi ikiwa ya ajabu lakini vijistari vyote vipo, shuku wino wenyewe, labda mwenye nayo wa kwanza alijaza wino wa aina nyingine.

Nitajuaje ni kuziba kweli na sio hewa?

Hili ndo swali ambalo watu hawaulizi na ndo lenye faida kuliko yote. Printi nozeli cheki mbili au tatu mfululizo, bila klini katikati, afu zilaze pamoja mezani uangalie rangi moja moja. Kama kwenye saiani (ile bluu ya printa) kuna pengo la vijistari vitatu na kwenye karatasi zote lipo palepale, huo ni wino uliokauka kwenye nozeli zilezile. Kama karatasi ya kwanza pengo lipo juu, ya pili lipo chini, ya tatu limeongezeka, basi hapo hakuna kilichokauka, ni hewa imeingia au wino haufiki vizuri, na kumwagia dawa hedi ya namna hiyo ni kuionea tu.

Kuna dalili nyingine pia: rangi inaanza vizuri juu ya picha afu inafifia kadiri karatasi inavyoshuka. Hiyo ni njaa ya wino. Angalia katriji imeisha, tundu lake la kupumulia limezibwa na stika ambayo haikuondolewa, au kwenye printa za matangi (zile unazojaza wino kwa chupa) mrija umejikunja au una mapovu. Kama tatizo ni hewa, mara nyingi printa ikikaa imezimwa masaa kadhaa mapovu yanapanda yenyewe na rangi inarudi, bila klini hata moja.

Njano siioni kwenye nozeli cheki, na hizi rangi nyepesi nyepesi je?

Njano juu ya karatasi nyeupe inadanganya macho, iangalie kwenye mwanga wa bluu, hata skrini ya simu yenye picha ya bluu tupu inatosha, ile njano itaonekana nyeusi nyeusi. Saiani nyepesi, majenta nyepesi na kijivu hafifu ziangalie karibu na dirisha. Na printa zenye katriji ya wino wa kung'arisha usio na rangi, kama Epson R1900 na R2000, inamishe karatasi kwenye mwanga uone mng'ao.

Kwani hedi inaziba vipi?

Nozeli ni tundu jembamba kuliko unywele, na tone linalotoka kwenye printa kama Epson 1400 linaweza kuwa dogo hadi pikolita 1.5, sasa hebu fikiria wino uliokauka kidogo tu pale mlangoni. Ili usikauke, printa ikizimwa vizuri inarudisha hedi pembeni na kuifunika na kepu, yaani kale kafuniko ka raba chenye sponji ndani. Chini ya kepu kuna pampu inayovuta wino wakati wa klini, na pembeni kuna waipa, ulimi wa raba unaofuta uso wa hedi. Vitatu hivyo vikiwa vizima hedi inakaa muda mrefu. Kepu ikiwa na kinyweleo au imekakamaa haifungi, hewa inaingia, wino unakauka.

Ndo maana kuzima printa kwenye swichi ya ukutani wakati iko kazini ni kosa kubwa, hedi inabaki njiani bila kufunikwa. Printa nyingi za mtumba zimezibia hapo, mtu kachomoa waya kaweka stoo.

Afu kuna aina ya wino. Wino wa dai rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, ukikauka unalowekeka na kuachia kirahisi. Wino wa pigimenti una chembechembe zinazoelea pamoja na gundi yake, ukikauka ni kazi, na hata kwenye katriji chembe zinatuama chini. Epson R2400, R3000, P600 na Canon PRO-10 ni pigimenti. Epson 1400, L805, L1800 na Canon PRO-100 ni dai. Kabla hujashika dawa yoyote jua printa yako iko upande gani.

Hedi yangu inatoka au haitoki?

Kwa ujumla Canon za picha hedi yake inatoka kwa kubinua kishikio, na Epson hedi imefungwa ndani na haikukusudiwa itolewe na mtumiaji. Hazifanyi kazi sawa. Epson inatumia piezo, kipande kinachojikunja umeme ukipita na kusukuma wino. Canon na HP zinachemsha wino kidogo sana mpaka kiputo kinausukuma nje. Inasimuliwa kwamba Canon waliipata njia hiyo mwaka 1977 pale chuma cha kulehemu chenye moto kilipogusa sindano yenye wino na wino ukaruka, mi hii habari naipenda sana kwa sababu inakukumbusha kwamba ndani ya hedi ya Canon kuna vihita vidogo, na vihita vikiwaka bila wino vinaungua. Kwaiyo kuilazimisha Canon kuprinti kurasa nzima za rangi isiyotoka ni kuimaliza.

Kuna printa ndogo za HP na Canon ambazo hedi imebandikwa kwenye katriji yenyewe. Hizo usihangaike, badilisha katriji umepata hedi mpya.

Nipige klini mara ngapi?

Mara mbili, tatu ikizidi, na nozeli cheki kila baada ya moja. Kama mapengo yanapungua endelea taratibu, kama hayabadiliki acha. Zima printa kwa kitufe chake iache ikae. Vitabu vya Epson vyenyewe, kutegemea modeli, vinasema usubiri masaa 6 au hata 12 kabla ya kujaribu tena, na sababu ni kwamba wino mbichi uliovutwa juu ya ule mkavu unaulainisha polepole, na mapovu nayo yanatulia. Ukipiga klini kumi mfululizo unavuta hewa, unamaliza wino wa rangi zote hata zilizokuwa nzima, na unajaza pedi ya wino taka.

Ile klini kubwa ya printa za matangi inakunywa wino mwingi sana, hakikisha kila tangi lina angalau theluthi moja kabla ya kuianzisha, na usiirudie siku hiyohiyo.

Kepu nayo naisafisha vipi?

Kabla ya kugusa hedi, anzia hapa, kwa sababu kepu chafu inafanya klini zote ziwe za bure. Kwa Epson nyingi unaanzisha kubadilisha katriji ili hedi isogee, afu unachomoa waya wa umeme hapohapo, na sasa hedi inasukumika kwa mkono taratibu. Utaona kepu pale upande wa maegesho, mara nyingi kwa printa ya mtumba imejaa uji mweusi mzito, na kwenye ukingo wa raba kuna mduara wa wino mkavu.

Dondoshea dawa (ipi, soma swali linalofuata) mpaka sponji ilowe, acha dakika kumi, futa ukingo na kijiti cha pamba kisichoachia nyuzi, mara nyingi mpaka kitoke kisafi. Waipa vilevile, pande zote mbili, kukiwa na nywele imejinasa itoe maana hiyo nywele inasambaza wino wa rangi moja kwenye nozeli za nyingine. Sasa kipimo cha pampu: jaza kepu maji yaliyotoneshwa, yaani maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, hadi ukingoni, washa printa, piga klini moja, zima afu uangalie. Maji yamekwenda, pampu nzima. Maji yapo palepale, mrija wa chini umeziba au pampu imechoka, na hapo ungeweza kupiga klini mwaka mzima wino usitoke. Hiki kipimo kimeokoa printa nyingi zilizoambiwa hedi imekufa.

Dawa gani nitumie?

Anza na maji yaliyotoneshwa. Watu wengi wanayaita maji ya betri, lakini soma chupa vizuri sana kwa sababu kuna inayoitwa hivyohivyo na ndani ni asidi. Maji ya bomba hapana, yana chumvi. Kwa wino wa dai maji hayo ya vuguvugu mara nyingi yanatosha kabisa.

Kwa pigimenti nunua dawa ya kusafishia hedi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaotumia dawa ya vioo yenye amonia kidogo iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, na kwa pigimenti ya zamani inasaidia kweli, ila fungua dirisha, na kamwe usiichanganye na dawa yenye klorini ya kung'arisha nguo, inatoa gesi ya sumu. Spiriti kali sishauri, inakausha raba ya kepu na baadhi ya wino wa pigimenti unagandishwa nayo badala ya kuyeyushwa. Asetoni usiilete hata karibu, inakula plastiki na gundi za hedi.

Hedi haitoki (Epson), nailoweka vipi?

Njia ya karatasi. Chukua karatasi ya jikoni isiyoachia nyuzi, ikunje ukanda wa upana wa hedi, unene wa kutosha ili hedi ipite juu ikigusa kidogo bila kukwama. Sogeza hedi pembeni kama nilivyoeleza kwenye kepu, laza ukanda kwenye njia yake, ulowanishe na dawa, uwe na unyevu lakini usitiririke, afu rudisha hedi juu yake. Iache masaa machache au usiku mzima. Ukitoa utaona michirizi ya rangi imejipanga kwenye karatasi, kila safu ya nozeli na mchirizi wake, na hiyo ni nozeli cheki ya pili: rangi iliyoacha mchirizi mzito inaachia, isiyoacha kitu bado ni ngumu. Weka ukanda mpya urudie kwa ile ngumu. Usisahau kuutoa kabla ya kuwasha printa, hedi ikiugonga kwa kasi inaweza kukwaruza uso wake au kuvuruga mpango wake.

Baada ya hapo klini moja, nozeli cheki, linganisha na karatasi zako.

Na ya Canon inayotoka?

Hiyo rahisi zaidi ila ina hatari yake moja kubwa ambayo ni umeme. Toa katriji, toa hedi, weka bakuli bapa lenye maji yaliyotoneshwa ya vuguvugu, kina cha milimita chache tu, ukalishe uso wa nozeli chini uguse maji. Sehemu ya shaba ile yenye vidoti vya mgusano isiloe. Badilisha maji yakichafuka. Na pale juu wino unapoingilia, kwenye vichujio, dondoshea matone uone yanashuka upande wa chini.

Ikimaliza, ikaushe. Igandamize kwenye karatasi kavu mpaka isitoe unyevu, afu iache hewani hadi kesho yake, kesho kutwa ikibidi. Hedi yenye maji ndani ya mzunguko wake ikirudishwa inapiga shoti, na shoti hiyo inaweza kuondoka na bodi ya printa, hapo umepoteza vyote viwili.

Nisukume dawa kwa sirinji?

Kwa mkono mwepesi sana na mrija laini, ndiyo, kwa mtu anayejua anachofanya. Tone moja, subiri, tone jingine. Ukisikia inagoma usiongeze nguvu, kwa sababu ndani ya hedi ya piezo kuna tabaka nyembamba zilizobandikwa, presha ikizidi zinaachana na rangi zinaanza kuchanganyikana ndani, na hilo halina tiba. Ile mashine ya kusafishia kwa mitetemo pia inaweza kuvunja hedi, mi naona iachiwe hedi ambayo tayari umekubali kuipoteza.

Rangi moja haitoki kabisa, sio mapengo, haipo tu.

Safu nzima kukauka kwa mara moja wakati jirani zake zote nzima ni nadra, anzia kwenye usambazaji wa wino. Katriji mpya imeondolewa utepe? Printa za mirija, dampa, yaani kile kichujio kidogo kinachokaa juu ya hedi, kina wino au kina hewa? Kwenye modeli ambayo dampa zinatoka, hamisha dampa ya rangi nzima iende kwenye tundu la rangi mbovu kwa muda mfupi, tatizo likihama na dampa umepata jibu, likibaki ni hedi au umeme wake. Ila kumbuka kusafisha mchanganyiko baadaye.

Ikiwa nusu ya safu imekatika kwa mpangilio nadhifu mno, labda kila kijistari cha pili hakipo, hiyo ina harufu ya umeme, waya bapa umelegea au una wino. Kwa Canon namba ya hitilafu B200 inahusu voltiji au joto la hedi, kusafisha miguso husaidia mara chache, mara nyingi hedi au bodi imekwenda.

Inasema pedi ya wino taka imejaa.

Kila klini inamwaga wino kwenye pedi chini ya printa, na printa inahesabu. Canon nyingi zinaonyesha 5B00. Kuna programu za kurudisha hesabu sifuri, ila hesabu ikirudi sifuri wino bado upo palepale, pedi ibadilishwe au ioshwe na kukaushwa, la sivyo wino utafurika mezani. Printa zenye tanki la mentenensi la kubadilisha hazina shida hii, ni sifa nzuri ya kuitafuta kwenye mtumba.

Nikague nini kabla ya kununua?

Omba nozeli cheki iprintiwe mbele yako, sio iliyoprintiwa jana, na sio picha ya kwenye simu. Njoo na karatasi zako. Afu omba picha moja kubwa yenye anga au ukuta wa rangi moja, hapo mistari haijifichi, na mara tu baada yake nozeli cheki nyingine, kwa sababu printa yenye njaa ya wino inapasi cheki ya kwanza na kufeli ya pili. Fungua kifuniko umulike kepu na tochi. Uliza imekaa bila kutumika muda gani, ina wino gani, na pedi imefika wapi. Muuzaji akisema "ilikuwa inafanya kazi ila sasa haina wino", ihesabu kama imeziba na bei iwe ya printa iliyoziba.

Wakati wa kuibeba acha katriji ndani, hedi iwe imefunikwa, na isilazwe ubavu.

Wino wa kujaza unaziba hedi?

Mzuri hapana, mbaya ndiyo. Kosa linaloua ni kuweka pigimenti kwenye printa ya dai, au kuchanganya wino wa makampuni mawili ndani ya mrija mmoja ukagandana. Ukibadilisha aina, safisha mirija kwanza. Katriji ya pigimenti iliyokaa muda mrefu itikise taratibu kabla ya kuiweka kama maelekezo yake yanaruhusu.

Niiprinti kila baada ya muda gani isizibe tena?

Mara moja kwa wiki, picha ndogo yenye rangi zote, pamoja na zile nyepesi. Nyeusi tupu haisaidii rangi nyingine. Kwenye chumba kikavu au chenye kiyoyozi muda wote, ongeza, na funika printa vumbi lisiingie. Kuiwasha na kuizima tu hakutoshi, ingawa baadhi zikiwashwa zinajisafisha zenyewe na kukulia wino.

Lini nikubali imekufa?

Kepu ni safi, pampu inavuta, wino unafika, umeloweka mara kadhaa na mapumziko ya kutosha, na karatasi zako za nozeli cheki zinaonyesha mapengo yaleyale bila hata kijistari kimoja kurudi. Hapo linganisha bei ya hedi mpya na bei ya printa nyingine nzima. Canon unaweza kununua hedi ukaiweka mwenyewe, ila kama iliungua kwa sababu ya bodi, hedi mpya nayo itaungua. Epson hedi pamoja na fundi mara nyingi inazidi thamani ya printa. Kama ni nozeli mbili tatu tu hazirudi, jaribu kuprinti kwa ubora wa juu kabisa na kuzima uchapaji wa kwenda na kurudi, hedi inapita mara nyingi zaidi na mapengo madogo yanafunikwa, picha inatoka safi ingawa polepole.

Imefunguka! Sasa nifanye nini kwanza?

Usikimbilie picha kubwa. Ndani bado kuna dawa, rangi za mwanzo zitakuwa zimepauka, kwaiyo printi kurasa mbili tatu za rangi tupu kwenye karatasi ya kawaida mpaka rangi ikolee. Nozeli cheki, iache ilale usiku, asubuhi nozeli cheki nyingine kabla ya klini yoyote. Ikiwa nzima asubuhi, panga hedi kwa ile menyu ya alaimenti, afu weka karatasi ya picha. Ikiwa mapengo yamerudi usiku mmoja tu, kepu haifungi, rudi kwenye swali la kepu.